Mpira Ambao Sikuusikia

Kijenge, Arusha
22 Februari

Dada yangu mpendwa Agnela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Njombe, wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko imekuachia kifua. Mama kule Kikwe hajambo, isipokuwa magoti. Migomba bado anaipalilia mwenyewe, haambiliki. Mke wangu Vaileth anakusalimu sana. Mimi ni mzima ila nimechoka, dada, uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Timu ya taifa ya kriketi ya Uganda ilikuja hapa kucheza na yetu mechi tatu, kila moja ya siku nzima, nami niliteuliwa kuwa mwamuzi. Unajua nilivyoisubiri nafasi hiyo. Miaka kumi na tisa nimefundisha wiki nzima, na Jumamosi nikachezesha mechi za shule. Vaileth alilipiga pasi koti langu jeupe mara mbili.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumanne. Nilisimama juani toka saa tatu asubuhi, na kufikia alasiri viatu vilikuwa vinanibana kwa miguu kuvimba. Sisi tulikuwa tumebakiwa na mpigaji mmoja wa kutegemewa, Derick, kijana wa Levolosi niliyemfundisha darasa la sita. Zilihitajika alama kumi na moja tu. Waiswa, mrushaji wao mkongwe, akarusha mpira, ukapita ubavuni mwa gongo la Derick na kudakwa nyuma yake. Kama uligusa gongo, Derick ametoka. Waganda wote wakanigeukia, mikono juu, wakidai. Nikatikisa kichwa. Derick akabaki, na tukashinda.

Baadaye Waiswa alinifuata, bila hasira, akaniambia kwamba hata waliosimama pembeni kabisa walisikia mlio wa gongo. Akaniuliza kama mimi sikuusikia. Nikamjibu kwamba upepo ulikuwa mkali. Dada, siku ile hata jani halikutikisika. Alinitazama, akanipa mkono, akaenda zake. Kisha akaja Derick, akaninong'oneza karibu kabisa na uso: "Asante kwa kunibeba, mwalimu."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Sikumbeba, dada. Sikusikia. Sikio la kulia lilikufa mwaka juzi, na la kushoto linafuata. Darasani nasoma midomo ya watoto. Vaileth peke yake ndiye anayejua. Simu zako sipokei kwa sababu hiyo, wala si kwa ajili ya ule ugomvi wetu wa shamba la baba kama ulivyomwambia mama. Nilificha kwa kuogopa kuvuliwa koti kabla sijalivaa mbele ya timu ya taifa.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa mkuu wetu wa waamuzi, Bwana Melkizedeki, nikamweleza yote. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Akasema matokeo hayabadiliki, ila nisichezeshe tena. Nikaenda hotelini kwa Waganda, nikamkuta Waiswa anakunywa chai, nikamweleza habari ya masikio yangu, nikamwomba radhi. Alichukua kiti chake akakihamishia upande wangu wa kushoto, ndipo akaendelea kuzungumza.

Derick nilimwambia kwamba hakubebwa na mtu. Aliinamisha kichwa, akakiri kwamba yeye mlio aliusikia siku ile, ila hakusema.

Alhamisi nilikaa kwenye nyasi, viatu nimevua, nikatazama mechi ya pili kama mtu yeyote. Tulifungwa. Nilirudi nyumbani nikalala toka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi.

Wiki ijayo nakwenda hospitali kupimwa. Kazi ya ualimu sijui itakuwaje. Nijibu kwa maandishi, dada, hata kwa ujumbe wa simu. Mama usimwambie bado. Jumapili baada ya ibada nitakwenda Kikwe kumwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake, niuone mdomo wake akinijibu.

Wasalimie wote, na Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Gidion