Upande wa Ukutani

3 Machi

Mke wangu kipenzi,

Salamu nyingi kama nywele za kichwa changu, ambazo bado zipo, usisikilize maneno ya dada yako. Hujambo huko? Mgongo je? Wale wazee unaowaogesha wanakuonea huruma au ndiyo wanakumaliza? Mimi mzima, na banda la filamu bado linanitegemea. Mtaa mzima hakuna anayetia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za watu kama mimi Spika. Jana nimepiganisha majeshi mawili peke yangu, sauti zote zangu, mpaka farasi.

Sasa habari ya viza. Wamekataa. Yule bwana wa dirishani pale ubalozini aliniuliza tulikutanaje. Nikaona nisimpe kitu kikavu: nikampa mvua, nikampa vibaka watatu, nikakuokoa kwa teke moja. Alinikodolea macho, akaandika. Jibu linasema ndoa yetu haiaminiki. Mtu anaruka kutoka kwenye ndege bila mwavuli, nikisema mimi watu wanaamini. Ndoa yangu mwenyewe, wapi!

Usilie. Naomba tena.

Mumeo, Spika

19 Machi

Mume wangu,

Natumai u mzima, na koo lako pia. Mimi naendelea, mgongo ndiyo hivyo.

Vibaka watatu? We mwanaume! Mimi nilikuja bandani na usingizi usoni, kukuambia upunguze sauti, mtoto wa dada amelala. Ukapunguza. Kesho yake ukapunguza kabla sijaja. Basi. Hicho ndicho kilichonileta kwako. Kwa nini hukusema hivyo?

Kwenye bahasha kuna flashi yenye filamu moja. Niliitazama na bibi mmoja ninayemhudumia. Mume kaenda nchi ya mbali, mke kabaki, wanasubiri karatasi. Hakuna bunduki. Itazame peke yako, na tafadhali, usiitie maneno.

Mkeo

8 Aprili

Mke wangu mkaidi,

Nakusalimu. Mimi mzima isipokuwa macho, maana filamu yako imeniumiza macho kwa kutofanya chochote! Hao watu hawakuwa na hela hata ya kiti cha pili? Chumba kimoja, sufuria moja, mwanamke anakunja shati. Analikunjua. Nikasema, sasa risasi. Thubutu! Analikunja tena.

Basi nikaiweka bandani, nikawadanganya wateja ni ya majasusi. Ndiyo, ulinikataza. Nikashika maikrofoni: "Shati hili lina siri ya taifa!" Watu wakacheka. Halafu yule mke akatoa vikombe viwili, akamimina chai kwenye kimoja, akakumbuka, akakirudisha cha pili kabatini. Polepole, kisilie. Mke wangu, mdomo niliufungua na maneno hayakuja. Mimi! Yule fundi pikipiki anayeitukana skrini kila siku akasema, "Spika, usiseme kitu." Ilipoisha hakuna aliyeinuka. Sasa wanaitaka tena, wajinga hao. Na mimi naitaka.

Nimeelewa ulichonitumia. Wakiniita tena nitasema vidogo vidogo. Wewe unalala ukutani, mimi mlangoni, kwa sababu ulisema mwizi akija aanze na mimi. Mchuzi unauonjea kiganjani. Ukichana nywele unaimba wimbo uleule mmoja, na unaukosea.

Mumeo

2 Juni

Mke wangu,

Hali yako? Yangu usiulize, naelea. Wameniita! Nikasema vidogo vyote, mpaka mwizi. Yule bwana wa dirishani akaweka kalamu chini akasikiliza, na kwenye mwizi akatabasamu. Anasema imebaki zamu yako, watakuita huko wakuulize mambo yetu yaleyale. Yaani imeisha hiyo! Begi nimeshanunua. Fundi pikipiki ananiita mheshimiwa.

Andika upesi.

Mumeo

21 Julai

Mke wangu,

U mzima? Nauliza tu. Begi limeanza kushika vumbi, na fundi haniiti mheshimiwa tena.

Mumeo

11 Septemba

Mume wangu,

Hujambo? Nisamehe kimya hiki. Mwili mzima, hayo mengine sijui niyasemeje.

Waliniita mwezi wa sita. Tulivyokutana, nilisema. Kazi yako, nilisema, na farasi nikawaigizia. Halafu wakauliza: mumeo hulala upande gani? Swali dogo hivyo. Nikakitafuta kitanda chetu kichwani, nikakiona. Shuka nikaliona. Wewe sikukuona. Nikasema ukutani. Nilikuwa bado kwenye ngazi, natoka, ndipo nikamkumbuka mwizi.

Siyo kwamba nimepata mtu. Hilo ningejua la kukueleza. Ni kwamba huku nalala katikati, na mwili umezoea. Wamekataa, na wamesema safari hii hakuna kuomba tena. Nami nikitoka nchi hii hawaniruhusu kurudi, na dawa za mama zinatoka kwenye mikono hii. Sijui nikuambie unisubiri nini.

Ile filamu siitazami tena. Bibi yule anaiomba, namwambia imeharibika.

Na barua hii, mume wangu, usiitie maneno.

Mkeo

29 Septemba

Mke wangu,

Hujambo? Mimi mzima.

Sitii maneno. Ila ujue hukukosea. Tangu barua yako ifike, mimi nalala ukutani.

Kuna baridi huku. Hukuwahi kuniambia.

Mumeo