Nyumba Hii Haiuzwi

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme umekatika tena. Makala ya kupikia yana maji, moshi tu. Mume wangu amepaka upya maandishi ya ukutani, kama kila kiangazi: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi nyekundu, zimesimama wima. Alifundisha kuchora shuleni mpaka alipostaafu. Kila mtaa hapa una maandishi hayo. Ukienda msibani kijijini, tapeli anauza nyumba yako kwa karatasi za uongo. Alipomaliza alinawa mikono kwa petroli, akakaa, ameridhika. Nilitaka kumtupia kopo la rangi. Nyumba iko mikononi mwa banki tangu nilipoiweka rehani ninunue vitenge, na yeye mwenyewe alitia sahihi. Vitenge vikanyeshewa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, vikaota ukungu vyote. Tapeli ataiba nini tena?

Alhamisi, 14 Agosti

Mjumbe wa mahakama amekuja. Siku ya mnada wa nyumba imewekwa. Alisoma ukuta wetu, akacheka. Akacheka! Majirani wote nje, wanajifanya wanafagia.

Jioni wifi yangu alileta sombe, kisamvu cha kutwanga. Akakaa, akapangusa mdomo, akasema, "Mama Ngalula, dawa ya deni ni kulipa." Asante sana. Sombe yake nimewamwagia kuku. Hapana, uongo. Nimekula. Nilikuwa na njaa.

Jumanne, 2 Septemba

Kuna mlango! Wakili wangu, tunamwita Maître, kijana wa Kasai kama sisi, anasema kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara naweza kuomba mahakama initangaze muflisi. Kwa Kifaransa chao, faillite. Nikishatangazwa, wadai wote wanasimama, na mnada nao unasimama. Jina la aibu, najua. Lakini aibu haiezui paa. Nimetia sahihi. Sokoni habari imefika kabla yangu: Mama Odette, aliyekuwa akinikopesha hata chumvi, leo alininyooshea mkono kwanza, nitoe pesa ndipo anipe chumvi. Sawa tu. Nyumba imepona. Leo nitalala.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mjinga ni mimi.

Mnada ulisimama kweli, kama lori linavyosimama kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Kisha linapita. Leo Maître amenieleza aliyopaswa kunieleza tangu mwanzo. Au alieleza, nami sikutaka kusikia. "Mama, faillite itakuepusha na bale bengine bote banakudai. Banki, hapana. Banki iko na karatasi ya nyumba." Mahakama imeweka msimamizi wa mali yangu, ndiye atakayeuza nyumba. Kwa hiyo Mama Odette, aliyenikopesha kwa huruma bila karatasi, hapati kitu. Wenye karatasi wanapata nyumba. Na mimi biashara kwa jina langu marufuku, mpaka mahakama ipende. Nimerudi kwa miguu, nikilaani kila mtu, wafu wakiwemo.

Jumatano, 22 Oktoba

Wanunuzi wanakuja, wanasoma ukuta, wanaondoka. Mimi moyoni: haya, ukuta, pigana! Lakini msimamizi amekasirika. "Ile maandishi iko inaogopesha bantu. Mufute." Akasema bei ikizidi kushuka, hata pesa ya kuhamia hatubaki nayo. Mume wangu hakuinuka kitini. Basi nikachanganya chokaa, nikapaka mwenyewe, kwa hasira, yeye ananitazama. Mara mbili nimepaka, na wekundu bado unaonekana kwa chini. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Novemba

Imeuzwa. Tajiri mwenye malori kaichukua, sura yake sijaiona, mambo yote yalipita kwa msimamizi. Banki imechukua yake, mahakama yake. Kwetu imebaki gharama ya mkokoteni wa kuhamia.

Tuko Annexe, pembezoni mwa mji, tumepanga. Chumba kimoja, mvua inaingia upande wa kitanda. Mume wangu anatoka kila asubuhi kutafuta kazi. Kazi gani, kwa umri ule? Jana nilimwambia ukuta wake haukulinda hata kuku. Nilisema na mengine. Yeye alivaa viatu, akaondoka.

Jumapili, 23 Novemba

Nilipotoka misa miguu ikanipeleka mtaa wetu wa zamani. Heri nisingepita.

Chokaa yangu imekwanguliwa. Ukuta una rangi mpya, ya maziwa, na juu yake nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi zimesimama wima. Sikuhitaji kuuliza mkono wa nani.

Mwenye nyumba alikuwa langoni. Hakunijua. Akaona nimesimama, akaniambia kwa fahari, "Muzuri, hapana? Nilimutafuta ule muzee alikuwaka anaandika hapa mbele. Bale ba zamani banaweza kurudia kuiuzisha." Bale ba zamani. Sisi, mimi na huyo mzee wake. Nikamjibu ndiyo, ni nzuri.

Nilipofika chumbani nilikuta mfuko wa unga na vitoyo, visamaki vya chumvi, vimefungwa kwenye gazeti. Mume wangu amekaa kitandani, mikono ameificha mapajani. Nikasonga bukari kwa ule unga. Tukala, yeye akimega kwa vidole vyenye wekundu kwenye kucha.

Baadaye nikatia petroli kidogo kwenye kikombe, nikamwekea karibu, anawe.