Watoto watatu wa umri mmoja

Umelala? Bora wewe uliumwa hukuja shule.

Mwalimu wa hesabu kaleta takwimu za sensa ya zamani ya mtaa wetu. Zamani hawakuuliza kipato, kwa hiyo tunapima umaskini kwa sakafu, paa, redio, halafu unaipa kaya daraja. Eti majina yamefutwa, hakuna atakayemjua mtu.

Nikapewa kaya nisome kwa sauti. Mjane, mkunga, chumba kimoja, sakafu ya udongo, redio hakuna. Watoto watatu wa kiume, wote miaka miwili.

Wote miaka miwili jamani. Mtaa huu mapacha watatu ni baba na ndugu zake tu.

Yule Domo akasema, "Si bibi yako huyo?" Wakacheka. Mwalimu hata hakusikia, ananiuliza, "Haya, daraja gani?"

Nikasema, "La mwisho, mwalimu."

Bibi yangu. La mwisho.

Mwalimu akanisifu. Kesho mbele ya wazazi nawasilisha mimi, kaya hiyo hiyo. Nilitaka kukataa, nikaishia kuitikia, unanijua.

Baba kashapiga pasi shati. Kaniuliza nitasema nini, nikamwambia hesabu tu. Sasa hivi anawapigia simu pacha wenzake waje wanisikilize.