Elektrodi Iliyoanikwa Juani

Jumanne, Voi. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na mimi nimefura.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jana mchana Mama Mghoi, anayetuoshea vyombo hapa kituo cha maziwa, aliiosha elektrodi ya kupimia asidi kama anavyoosha mikebe yote. Akaisugua, akaimwagia maji ya moto, akaianika kwenye uchanja. Kwa vyombo vya maziwa, huo ndio usafi, na kila nyumba huku hufanya hivyo. Kwa elektrodi ni kuiua.

Ncha yake ni kioo chembamba ambacho lazima kikae na unyevu. Ukiitumbukiza kwenye maziwa, asidi iliyomo huzua umeme kidogo sana kwenye kile kioo, na mashine huugeuza kuwa namba. Kioo kikikauka hakihisi chochote, lakini mashine inaendelea kutoa namba tu, bila haya.

Leo ilisema saba. Maziwa mazuri husoma chini kidogo ya hapo. Saba ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Wakio wa Mbololo, mwenye ng'ombe mmoja tu. Nikamkatalia maziwa mbele ya watu, nikamwambia ng'ombe wake anaumwa. Hakubishana. Aliyamwaga mtaroni akaondoka.

Wa pili, saba. Wa tatu, saba. Nikakamua ndimu, ambayo husoma mbili hivi, nikapima.

Saba!

Si ningeanza na hiyo ndimu? Nilitaka kulia. Nilipomuuliza, Mama Mghoi ameniambia alivyoiosha, akaomba msamaha mpaka nikaona aibu, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho kimoja hakikaushwi. Nimekiloweka kwenye maji yake ya chumvi, pengine kitazinduka.

Jioni nimempigia Mama Wakio. Mumewe, ambaye siku zote alitaka kumwondoa yule ng'ombe, sasa amepata sababu. Mtu wa bucha anakuja kesho asubuhi. Nikamweleza kwamba mashine ilikosea, ng'ombe pengine hana neno. Mama Wakio akasema kwa upole, "Mwanangu, usinionee huruma. Si ni wewe ulituambia kwa mkutano mashine haidanganyi?"

Kweli nilisema. Nikapigiwa hata makofi.

Kesho alfajiri napanda Mbololo, nimuwahi mtu wa bucha. Mama Wakio ataniamini mimi, bila mashine?