Wenyeji Watapiga Mwisho

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa,

Nakuomba kwanza kitu kimoja: haya ninayokuandikia yabaki kwako. Usimwambie yeyote huko uliko, na Mama akija kaburini Jumapili baada ya ibada kukusimulia habari za nyumbani, mwache asimulie yeye. Hajui nilichofanya. Fiston, kapteni wetu, naye hajui. Akisikia kwa mtu mwingine kabla sijamwambia mwenyewe, sijui nitapita wapi hapa kambini.

Tangu ulipotuacha, ukarani wa ligi yako ya besiboli umebaki kwangu. Nimejitahidi kufuata kila ulichoacha. Makundi bado ni mawili. Bingwa wa kila kundi anaingia fainali za Area 47, kule mjini, na nafasi ya tatu, ile ya ziada, inakwenda kwa timu bora kati ya zilizokosa ubingwa. Hata kifuniko cha soda nilikirusha mapema kama wewe, msimu ukiwa bado mbichi, kuamua nani atakuwa mwenyeji iwapo timu mbili zitalingana kileleni. Kiliangukia Area 25, timu ya mjini. Hakuna aliyejali. Fiston alisema tu, "Karani, rusha haraka, jua linatuunguza."

Sasa zimelingana, Yaya. Sisi wa Dzaleka na wao Area 25: ushindi sawa, kushindwa sawa. Mechi ya uamuzi ni Jumamosi hii, na kwa haki ya kifuniko ilipaswa kuchezwa kwao, mjini. Kwa mechi za kawaida sisi wakimbizi tunaomba mapema kibali cha kutoka kambini. Nakukumbuka kwenye foleni ile, ukipiga miluzi kana kwamba unasubiri chai. Lakini mechi hii hakuna aliyejua kwamba itakuwepo, na kibali hakitoki kwa siku chache. Wachezaji wakasema twende hivyo hivyo kwa minibasi, tujifanye tunakwenda sokoni Lumbadzi. Na fimbo za kupigia? Tungezificha wapi? Mama Amani, mama wa mrushaji wetu, alinikamata bombani: "We karani, mutoto yangu akishikwa kwa bariere ya polisi ya barabara, mi nitakuja kulilia kwako. Yaya yako iko amelala, hawezi kunijibu."

Fiston alikuwa na njia yake: tusicheze kabisa. "Tulibapiga mara mbili, bo balitupiga moja tu. Karatasi njo iseme! Hata Amerika siku hizi banafanya vile." Ni kweli, Yaya. Ligi kubwa ya Marekani imeziacha mechi za uamuzi. Waliolingana wanapimwa kwa matokeo yao wao kwa wao. Sikukuambia ulipokuwa mgonjwa. Niliona utaumia bure. Ningetangaza hivyo, tungekuwa mabingwa bila mtu kuvuka barabara. Lakini kauli yako ilikuwa moja: "Balilingana? Bacheze."

Basi nilimpigia simu kapteni wa Area 25. Nilimwomba waje kucheza Dzaleka, maana wao hawahitaji kibali. Nikamwahidi kwamba, ingawa uwanja ni wetu, wenyeji ni wao: sisi tutaanza kupiga, wao watapiga mwisho. Alisema zikomo, asante ya kwao, kabla sijamaliza. Anajua nilichompa. Anayepiga mwisho anajua anahitaji mikimbio mingapi ili ashinde. Sisi tukishamaliza zamu yetu tutabaki kuwazuia tu na kumwomba Mungu.

Na tukishindwa... Mechi hii inahesabiwa kama ya msimu. Tutaongeza kushindwa kumoja, tutashuka hadi kulingana na timu ya Lumbadzi, na hata ile nafasi ya ziada itabidi tuigombanie nao kwa mechi nyingine. Fiston atasema nimewauza nyumbani kwao. Labda ni kweli. Wewe ungewafanya wacheke, ungemaliza maneno. Mimi najua kuandika matokeo tu.

Siku ya kwanza uliponikalisha kuandika matokeo, niliruka kwa furaha Amani alipomtoa mpigaji. Ulinivuta shati. "Karani anashangiliaka ndani ya tumbo." Nimeshika hilo. Kesho baada ya mazoezi nitawaambia wote, nikiwa nimesimama mbele yao. Na nakuahidi, Jumamosi matokeo nitayasoma kwa sauti yangu mwenyewe, hata yakiwa dhidi yetu, hata Mama akiwa pale.

Pumzika, Yaya. Ukitaka kunipata siku hiyo, usinitafute nyumbani. Pita nyuma ya kanisa, shuka hadi uwanjani, utaniona kwenye benchi upande wa mdakaji. Kama hawasemi na mimi, nitakuwa peke yangu na pembeni patakuwa wazi. Usije mwanzoni. Njoo zamu ya mwisho, Area 25 wakishika fimbo, Amani akiwa na mpira mkononi, na sisi hatuna tena cha kuongeza.