Simama, Nenda Dirishani

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Na wewe afande unayesoma barua za watu, shikamoo pia. Hali yako vipi, kaka? Bado unafagia zahanati ya gereza, au wamekupandisha cheo?

Mimi nipo kwa dada yangu. Nalala barazani, na nina kikombe changu peke yangu. Simlaumu, ana watoto. Siku ya kuachiwa, getini walinipa vidonge vya kifua kikuu vya wiki mbili, wakanitakia maisha mema. Vimebaki vya siku tatu. Hospitali ya huku inataka barua ya daktari wa gerezani. Nitafutie, nakuomba.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako imekaa kwa afande siku kumi na moja, nadhani anasoma kwa kuunganisha silabi. Faili lako nimelipata chini ya kreti la soda. Ila daktari yuko likizo, na hakuna mwingine wa kusaini. Usikae kunisubiri. Nenda hivyo hivyo mikono mitupu, waeleze.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hali yangu mbaya, sikufichi. Vidonge vimeisha siku nyingi.

Nilienda. Kuona foleni tu, nikachuchumaa ukutani, mikono magotini, macho chini, nikingoja kuhesabiwa. Watu wakanipita. Saa tisa nesi akafunga dirisha, akaniuliza, "Wewe baba, mbona hukuja?" Kaka, nilikuwa nangoja niambiwe simama! Miaka tisa ya gereza imenifanya hivi. Nilicheka mpaka nikakohoa damu.

Naogopa. Sitaki kufa, ndiyo kwanza nimetoka. Nitarudi tena.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole sana. Daktari amerudi. Nilimganda mlangoni mpaka akasaini, barua yake hii hapa ndani, na muhuri juu.

Sasa nisikilize. Ukifika usichuchumae. Huko hakuna wa kukuhesabu. Simama, nenda mpaka dirishani, toa barua. Wakikufukuza, usiondoke. Ukipona uniletee sabuni.

Kaka yako

30 Aprili

Kaka,

Salamu kwako. Hatujuani, mimi ni dada yake wa damu. Barua yako imefika leo.

Mdogo wako tumemzika wiki iliyopita. Alitoka asubuhi kwenda hospitali mara ya tatu. Mchana nikamfuata, nikamkuta ukutani amechuchumaa, mikono magotini. Mlinzi akasema, yule mpole, hajasumbua mtu tangu asubuhi. Nikamshika bega, limeshapoa, nikamwambia simama twende nyumbani.

Niambie siku za kutembelea wafungwa. Sabuni nitaleta mimi.

Dada yake