Majogoo wa Dada Mariamu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Mgori hatujambo, alizeti tumeshapura. Unaniuliza kama uende CT scan, daktari aone huo uvimbe wa kwenye ovari umefikia wapi, au usubiri kwanza kwa sababu unaogopa majibu.

Dada yangu Mariamu tumbo lilipoanza kukua, sote tulishangilia. Mama mkwe wake akamfugia majogoo wa uzazi, ale akijifungua. Miezi ikapita, mtoto asije. Kumbe ulikuwa uvimbe, na enzi zile hapakuwa na wa kutuonea ndani. Majogoo wale waliliwa msibani.

Usione haya kuogopa, hata mimi naogopa. Lakini nenda wakuangalie. Nimekufugia jogoo mwekundu, na huyu nataka umle wewe mwenyewe.

Bibi yako